Rusizi na Bukavu: Choo na bomba la maji navyo ni miundombinu ya biashara

RUSIZI – Tarehe 4 Juni 2020 serikali ya Rwanda iliifunga wilaya ya Rusizi baada ya wagonjwa wapya wa korona kugundulika. Mpaka na Kongo ulikuwa umefungwa kwa watu tangu Machi, na mizigo tu ndiyo iliyoruhusiwa kupita. Akina mama waliozoea kuvuka kila asubuhi na nyanya kwenda Bukavu walikosa soko. Hata wilaya nyingine zilipofunguliwa, usafiri wa abiria wa Rusizi uliendelea kuzuiwa.

Hasara ile haikuletwa na ugonjwa peke yake. Kamembe, kitovu cha Rusizi (zamani Cyangugu), na Bukavu iliyo ng'ambo ya mto ni kama mji mmoja kwa biashara, lakini kila upande hupangwa peke yake.

Mwaka 2013 Rwanda iliichagua Rusizi kuwa miongoni mwa miji sita ya kukuzwa ili kuipunguzia Kigali mzigo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 400,000 wilayani. Ya 2022 ilikuta zaidi ya 485,000. Bukavu nayo imepokea wengi waliokimbia vita vijijini, na nyumba zimepanda hadi kwenye miteremko ambako gari la taka halifiki.

Mvua husomba taka hizo hadi Ziwa Kivu, kisha mto Rusizi huziteremsha hadi bwawa la umeme la Ruzizi I, ambako plastiki huziba mitambo. Umeme ukikatika, mwenye mashine ya unga na mwenye jokofu la samaki ndio wanaolipa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini maji hayapiti forodhani.

Magonjwa nayo ni hivyo hivyo. Kipindupindu hujirudia Kivu ya Kusini. Agosti 2019 Ebola ilifika Mwenga, katika jimbo hilo hilo. Julai 2024 Rwanda ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili wa mpox, mmoja akiwa wa Rusizi.

Kwa hesabu ya biashara, mpaka ukifungwa kila mtu huumia kwa namna yake. Mwenye lori hulipa dereva na mkopo wa benki huku gari limesimama. Mchuuzi huumia zaidi, kwani mtaji wake huzunguka kila siku; siku chache za kukaa nyumbani zinatosha kuula wote.

Ndiyo maana maji ya kunawa, vyoo vya kutosha kwenye vivuko vya Rusizi ya Kwanza na ya Pili, na maegesho ya malori mbali na makazi visihesabiwe kuwa mambo ya wizara ya afya peke yake. Ni gharama ndogo kuliko kufunga mpaka. Kuingia kwa waasi wa M23 mjini Bukavu Februari 2025 kumeifanya kazi ya kupanga pamoja kuwa ngumu zaidi.

Lakini lipo lililo mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Wakati wa korona, wachuuzi walijiunga katika vikundi, wakakusanya bidhaa zao na kuzivusha kwa lori moja. Vikundi hivyo havipaswi kusubiri ugonjwa mwingine ndipo vifufuliwe. Mchuuzi mmoja mmoja hawezi kuidai wilaya choo wala bomba. Kikundi chenye daftari na wanachama kinaweza.