Picha Zilizo Chini ya Godoro

Binamu yangu anaishi Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Bungoma. Mwaka jana nilipomtembelea aliinua godoro akatoa bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na filamu za ubongo wake, moja imekunjwa katikati hadi rangi ikabanduka, na sidii ambayo hajawahi kupata kompyuta ya kuifungulia. Kwa miaka sita alitibiwa malaria, kisha taifodi, kisha presha, na nyumbani wazee walishaanza kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Jicho la kushoto lilififia, likarudi. Miguu ilikufa ganzi, ikapona, ikafa ganzi tena. Siku alipofika Eldoret kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliulizwa kwanza: "Mama, picha ya zamani unayo?"

Makala haya nimeyajenga juu ya swali hilo.

Ugonjwa wenyewe ni maltipo sklerosisi, au MS kama wanavyouita walio nao. Kinga ya mwili huugeukia mwili na kuushambulia utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za fahamu, mfano wa plastiki juu ya waya wa umeme. Panapopona hubaki kovu. Kwenye picha ya MRI makovu hayo huonekana kama madoa meupe, mengi yakiwa kando ya vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Kwa miaka mingi vigezo vya McDonald, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa, vimemtaka daktari aonyeshe kwamba madhara yametokea mahali tofauti na nyakati tofauti. Njia mojawapo ya kuonyesha wakati ni kuiweka picha ya zamani kando ya mpya.

Kulinganisha huko ndiko akili unde inakokuweza sana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walichapisha mtandao wa kompyuta uitwao U-Net, na programu nyingi za kusoma picha za MS zimefuata nyayo zake. Mashine huonyeshwa picha ambazo daktari amekwisha kuzungushia kila doa kwa mkono wake. Hukisia, husahihishwa, hukisia tena, maelfu ya mara. Ikishafundishwa, huupitia ubongo mzima kwa dakika chache, ikapima ukubwa wa kila doa na kusema lipi ni jipya. Jicho la mtu, likishapitia vipande mia mbili vya picha jioni, huchoka. Mimi naitaka teknolojia hii ije, tena upesi.

Ila mashine haijui ubongo ambao haijaonyeshwa. Hazina za picha zinazotumika zaidi kufundishia MS zimetoka Ulaya na Marekani, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kuliko huku kwetu karibu na ikweta. Bungoma, doa jeupe lina wenyewe wengi. Selimundu, iliyoenea magharibi mwa Kenya, huacha madoa ubongoni hata kwa mtoto ambaye hajawahi kupooza. Virusi vya UKIMWI huacha yake, na presha vilevile. Kifua kikuu huingia ubongoni, na tegu wa nguruwe huweka vifuko vyake humo. Mashine iliyolelewa kwingine inaweza kuyaita hayo yote MS bila kusita, na mgonjwa akaanzishiwa dawa za kushusha kinga huku kifua kikuu kinamla.

Onyo tunalo jirani kabisa, ng'ambo ya Mlima Elgon. Hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, inajulikana kwa kutibu watoto wenye kichwa maji. Mwaka 2021 watafiti walichapisha utafiti kuhusu picha za ugonjwa huo. Waligundua kuwa hata picha hafifu, ambazo madaktari kwa kawaida wangezikataa, zinaweza kumfaa daktari anayepanga matibabu. Lakini zilipong'arishwa kwa ujifunzaji wa kina, yaani akili unde ya namna hiyo hiyo, zilivutia macho zaidi huku zikibeba hatari kubwa ya kuonyesha maumbo ambayo si ya ubongo wa yule mtoto. Nimeyasoma hayo mara tatu.

Kwa hiyo naziomba kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, kabla hazijanunua programu yoyote, zinunue mahali pa kutunzia picha. Kila skani ya mkaazi wao, hata iliyopigwa Eldoret au Nairobi, ihifadhiwe ikiwa na tarehe na majibu. Madaktari wetu walipwe kwa saa wanazokaa kuzungushia madoa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Basi mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili au Kibukusu picha yake inakwenda wapi na nani atafaidika nayo, naye awe na haki ya kukataa.

Siku ile Eldoret hapakuwa na cha kulinganishia ila filamu ya kwenye bahasha. Daktari aliinyoosha kwa viganja, akaiinua kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda. Mkunjo ulikuwa umepita kando ya vyumba vya maji, pale pale alipotaka kuangalia.