Kilatini cha Nini?

Wanafunzi wa usanifu wa kurasa za intaneti hufundishwa kupanga herufi kwa Kilatini kilichovurugwa, mabaki ya kitabu cha Cicero wa Roma. Ati wasivutwe na maana, waangalie umbo tu. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi, napinga. Umbo la maandishi hutokana na lugha yenyewe. Tunaposema "hawatatusahau", Mwingereza huhitaji maneno matano mafupi. Kwenye kioo chembamba cha simu neno letu huweza kukosa nafasi mwishoni mwa mstari, likahitaji kukatwa penye silabi. Kilatini kitamfundishaje hilo?

Tazama pia ng'. Hapa Igunga tunafuga ng'ombe, na Wasukuma wana majina yanayoanza kwa Ng'w. Fomu iliyosanifiwa na asiyewahi kuijaribu alama ile huweza kuikataa, ikamwambia mzee mzima kwamba amekosea jina lake mwenyewe! Huyo amenyimwa haki yake, hata kama ukurasa unang'aa.

Enyi wakufunzi, wapeni vijana Kiswahili tangu siku ya kwanza: tangazo la mnada, fomu ya zahanati, orodha ya majina ya kijiji. Wajifunze kumhudumia msomaji aliyepo.