RSS haikufa, tumeizika hai

Leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Binamu yangu wa Msambweni amekosa basari. Si kwamba hakustahili. Tangazo la ofisi moja (sitaitaja) liliwekwa kwenye mtandao wa kijamii, na mtandao ukaamua alione siku tatu baada ya siku ya mwisho kupita. Kwenye kikundi cha kijiji lilifika kama picha, halina tarehe wala kiungo, watu wakadhani ni la mwaka jana. Sasa yuko nyumbani, wenzake wako darasani.

Kinachoniuma ni kwamba tangazo hilohilo lilikuwa kwenye tovuti ya ofisi tangu siku ya kwanza. Lakini nani atafungua tovuti kila asubuhi kuangalia kama kuna jipya? Hiyo ni kazi ya kompyuta, na dawa yake ipo tangu 1999, Netscape walipoitoa RSS.

Kwa mgeni: mlisho wa RSS ni faili ya XML ambayo tovuti huiandika yenyewe kila inapopata habari mpya. Kichwa, tarehe, kiungo, basi. Unaiambia programu ya kusomea, tuseme Feedly au Thunderbird, ifuatilie tovuti kumi, nayo inazipitia kwa niaba yako. (Ningeita mipasho, maana ni kupashana habari, lakini hapa Pwani ukisema mipasho watu wanasubiri taarabu.) Hakuna wa katikati anayekuchagulia uone nini. Na kwa sisi wa bando la shilingi 20: programu iliyoandikwa vizuri huiuliza seva kama kuna jipya tangu ilipokuja mara ya mwisho, na kama hakuna, seva hujibu 304 bila kutuma faili. Linganisha na video zinazojichezesha zenyewe.

Mafundi wenzangu watasema RSS ilikufa Google walipofunga Reader, 1 Julai 2013. Uongo. Lilifungwa duka, si soko. Podikasti unazosikiliza ndani ya matatu ya Likoni–Ukunda zinasambazwa kwa RSS mpaka leo. Kweli, Firefox iliondoa usomaji wa milisho mwishoni mwa 2018, lakini wazikaji hasa ni sisi tunaojenga tovuti. Mimi pia nimo. Niliwahi kuuzima mlisho wa tovuti ya hoteli moja Diani kwa sababu mteja aliuliza kile kialama cha rangi ya machungwa ni cha nini, nikaona uvivu kumweleza.

Hoteli haidhuru. Lakini ofisi ya umma? Mbiu ya mgambo ilipolia zamani, hakuna aliyesimama njiani akichagua nyumba za kusikia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wekeni kwenye mitandao ya kijamii, sikatai, watu wako huko. Ila tovuti itangulie, mlisho uwe wazi, na tangazo liwe maandishi, si picha ya karatasi iliyopigwa ikiwa imepinda.

Na msiniambie gharama! WordPress hutengeneza mlisho bila kuombwa. Chukua tovuti ya WordPress ya ofisi yenu, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani. Ukikuta patupu, kuna fundi kama mimi aliuzima. Mpigieni simu.