Mlima Haukimbii

Kila taifa lina majina linayoyataja pale vijana wanapotakiwa kufunzwa maana ya ushupavu. Zamani walitajwa wawindaji, mashujaa wa vita na manju wa ngoma. Siku hizi hutajwa pia wanamichezo, na miongoni mwao wakimbiaji wa masafa marefu hushika nafasi ya mbele. Sisi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Michezo ni sehemu ya utamaduni, na orodha ya wakimbiaji anayoihifadhi kijana moyoni ni kipimo cha mambo anayoyathamini. Ugomvi wetu ni juu ya sababu zitolewazo za kuwapenda. Hapa Moshi, sokoni, vijiweni na hata katika vyumba vya walimu, husikika hoja mbili ambazo kwa sura zinapingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Kwa kuwa zote mbili zinawadhuru vijana, hatuna budi kuzijibu.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mkimbiaji huzaliwa. Wenye hoja hii huwataja Kipchoge Keino, Haile Gebrselassie na Eliud Kipchoge, kisha hukata shauri kwamba watu wa Bonde la Ufa na wa Uhabeshi wamejaliwa damu ya mbio na hewa ya nyanda za juu, na kwamba asiyejaliwa hayo kazi yake ni kupiga makofi.

Lau ingekuwa mwinuko wa nchi ndio uzaao mabingwa, ni nani angeushinda mkoa wetu? Watoto wa Marangu, Machame, Kibosho na Rombo hupanda na kushuka vijia vya vihamba kila siku waendapo shuleni. Juu yao wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, hupandisha mizigo ya kilo 20 kwenye njia ambazo mgeni hutweta akiwa mikono mitupu. Na juu ya wote umesimama Kibo, meta 5,895. Je, uko wapi msururu wa mabingwa wa dunia uliopaswa kuteremka kutoka katika migomba hiyo? Yupo Simon Mtuy, mwana wa Marangu, ambaye mwaka 2006 alipanda hadi kilele cha Uhuru na kurudi chini bila msaidizi kwa muda usiotimia saa 10, ilhali wapandaji wa kawaida hutumia siku 5 au zaidi. Huyo ametuonyesha kiasi cha mali iliyolala katika mteremko huu. Lakini mtu mmoja si msafara.

Sasa tutazame upande wa pili. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, kando ya Ziwa Viktoria, pasipo na theluji wala kilele. Ndiye aliyetwaa medali ya fedha ya meta 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, na akairudia kuishinda mwaka 1988. Na hao Wakenya wanaotajwa kuwa ushahidi wa damu, hebu tuwachunguze. Hewa ya Iten ilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Lakini mwaka 1976 alifika katika shule ya sekondari ya St. Patrick's mwalimu mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, akawafundisha vijana mbio mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa wanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono alishinda dhahabu ya Olimpiki ya meta 1,500 mwaka 1988, na Matthew Birir ile ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Keino mwenyewe, kabla ya hao, alikuwa askari polisi aliyezoezwa na chombo chake. Kwa hiyo penye mabingwa wengi tutakuta pia mwalimu, ratiba na kiwanja. Hatukani kwamba hewa nyepesi husaidia, bali twasema kwamba jembe halilimi pasipo mkulima.

Hoja ya pili ni tamu zaidi, na kwa sababu hiyo ni hatari zaidi. Inahusu jina tunaloliheshimu mno, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Habari yake yajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Akhwari alianguka akaumia goti. Walioanza mbio walikuwa 75, na 18 kati yao hawakumaliza. Yeye alifungwa bandeji, akachechemea hadi kiwanjani giza likiwa limeingia, akawa wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

Hayo ni maneno ya dhahabu. Lakini yametumiwaje? Mgeni ameyachukua na kututengenezea sanamu ya Mwafrika mpole ashindwaye vizuri, nasi tumeipokea sanamu hiyo na kuiegemea kama mto wa kulalia. Timu ikirudi mikono mitupu twasema: "Hata Akhwari alikuwa wa mwisho." La hasha! Mzee huyo hakwenda Mexico kujifunza kushindwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa 5, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Mtu wa namna hiyo ni mwanariadha aliyejiandaa, akapatwa na ajali, na maandalizi yake ndiyo yaliyomfikisha mwisho. Goti lililojeruhiwa halibebwi kilometa zaidi ya 20 kwa huruma ya watazamaji. Anayemtumia Akhwari kuhalalisha uzembe amemtukana.

Msomaji ameona sasa undugu wa hoja hizi. Ya kwanza yasema usijitaabishe, kwa kuwa hukuzaliwa bingwa. Ya pili yasema usijitaabishe, kwa kuwa kushindwa nako kuna sifa. Zote mbili ni fatwa za uvivu.

Basi sisi twawapenda wakimbiaji gani? Twawapenda wale ambao maisha yao yanazivunja hoja hizo. Twampenda Filbert Bayi wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, desturi ya mbio za meta 1,500 ilikuwa kujificha nyuma ya wenzako na kuchomoka mwishoni. Bayi aliikataa. Alitangulia tangu mlio wa bastola, John Walker, mwenyeji wake, akamfukuza asimpate, na rekodi ya dunia ikavunjwa kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia, na Walker akatwaa dhahabu. Hata hivyo Bayi hakulia ukiwa. Mwaka 1980 alirudi na medali ya fedha kutoka Moscow, tena katika mbio nyingine kabisa, za kuruka viunzi na maji meta 3,000.

Twampenda Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na meta 10,000 za michezo hiyo mwaka 1982. Twampenda Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi, aliyekuwa wa pili mjini Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alizidiwa kwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya. Je, alikwenda kusimulia bahati mbaya? Alikwenda kufanya mazoezi, na Novemba 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Twampenda Magdalena Shauri, aliyekuwa wa 3 mjini Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, akawajibu wadhanio kuwa barabara ni ya wanaume.

Na twampenda Alphonce Simbu wa Singida. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alikuwa wa 3 katika mashindano ya dunia mjini London. Ilimpasa kungoja miaka 8 mingine. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua kwamba kifua cha Simbu kilitangulia. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Upenyo ule mwembamba haukutoka katika damu wala mlimani. Ni miaka ya alfajiri zisizo na mashabiki.

Jambo hili latuhusu sisi wa Moshi hasa. Tangu mwaka 2003 mji wetu hujaa wakimbiaji siku ya Kilimanjaro Marathon. Wageni hupandisha kuelekea Mweka, nasi hujipanga kando ya barabara. Jumatatu yake barabara ni tupu, na katika shule nyingi kipindi cha michezo kimekwisha kumezwa na masomo ya ziada. Walimu, hatuwaombi uwanja wa kifahari. Pimeni njia moja kuzunguka shule, wekeni daftari la muda wa kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, na lisomwe kila juma mbele ya wote. Nanyi wanafunzi, mtajapo majina haya, yatajeni pamoja na miaka waliyongoja.

Mlima haukimbii, mkimbiaji ni mtu,
Mvivu hapafikii, hata akirithi vitu,
Kwa bidii na utii, hujengwa mapafu yetu,
Ushindi hauwi wetu, jasho tusipolitoa.

Mwenge wa Uhuru uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwezi wa Desemba 1961 haukupaa wenyewe. Ulibebwa na Alexander Nyirenda na wenzake, hatua kwa hatua, kwa miguu ya watu.