Pesa ya Kuhosti Tovuti Ikilipwa Mapema, Bado Si Yako

Kila mara kuna kijana aliyemaliza kozi ya kompyuta, akatengenezea saluni ya mtaani tovuti, kisha akajiuliza: mbona nisihosti mwenyewe? Swali ni zuri. Saluni italipa kila mwaka, duka la vipuri litalipa kila mwaka, shule ya chekechea italipa kila mwaka, na seva iko huko iliko, hailali wala haiombi chai. Mitandaoni utapata watu wakikwambia ati hii ni pesa inayoingia ukiwa umelala.

Mimi sikubaliani nao. Kuhosti ni biashara ya kweli na inaweza kumfaa mtu anayeanza, lakini kinachoiangusha mara nyingi si seva. Ni pesa iliyolipwa mapema ikaliwa mapema.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni gani. Huhitaji kununua seva na kuiweka chini ya meza. Unakodi nafasi kwa kampuni kubwa, halafu unaigawa kwa wateja wako, kama mtu anayekodi nyumba nzima na kupangisha vyumba. Kila mteja anapata chumba chake: mahali pa tovuti, barua pepe zenye jina la biashara yake, na ukurasa wa kusimamia vitu vyake, ambao kwa wengi ni cPanel. Wewe unashika funguo za vyumba vyote. Mambo ya umeme, mashine na mtandao ni ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo njia ninayopendekeza kwa mtu anayeanza. Kukodi seva tupu na kuiendesha mwenyewe ni nafuu kwa bei, lakini siku itakapokwama saa nane usiku, fundi ni wewe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Hizi ni bei za mfano tu, weka zako. Tuseme uko na wateja 25, kila mmoja analipa shilingi 4,000 kwa mwaka, domeni ikiwa ndani. Hiyo ni 100,000. Nafasi unayokodi ni dola 20 kwa mwezi, yaani dola 240 kwa mwaka. Dola ikiwa 130, umetumia 31,200. Domeni 25 kwa shilingi 1,000 kila moja ni 25,000. Unabaki na 43,800. Gawa kwa miezi 12: shilingi 3,650 kwa mwezi, kabla ya ushuru, bando na simu za wateja. Si mshahara. Ni nyongeza nzuri kwa mtu ambaye tayari anatengeneza tovuti, anarekebisha kompyuta au ana saiba. Anayekwambia uache kazi kwa sababu ya wateja 25 hajapiga hesabu hii, au ameipiga na anakuuzia kozi.

Na hapo dola imetulia. Mapema mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu 160, kisha ikashuka tena na kutulia karibu na 130 mwaka huo huo. Mteja aliyekulipa mwaka mzima kabla dola haijapanda hakuongeza hata shilingi. Wewe ndiye uliyeendelea kulipa nafasi yako kila mwezi kwa bei ya siku hiyo. Kwenye mfano wetu, dola ikiwa 160 kwa mwaka mzima, nafasi ile ile ingekugharimu 38,400, na faida yako ya mwezi ingeshuka hadi 3,050.

Bei pia hubadilika bila dola kusonga. Mwaka 2019 cPanel iliacha kutoza bei moja kwa seva na kuanza kutoza kulingana na idadi ya akaunti. Wenye seva zenye akaunti nyingi waliamka na bili mpya, na wengi waliipitisha kwa wadogo walio chini yao. Mdogo naye alikuwa amekwisha kuwaahidi wateja bei ya mwaka.

Ndiyo maana nasema pesa ya mwaka ikilipwa mapema bado si yako. Mteja akituma 4,000 mwezi wa tatu, elfu moja ni ya domeni na inaondoka siku hiyo hiyo. Ile elfu tatu inayobaki unaifanyia kazi polepole, shilingi 250 kila mwezi, hadi mwezi wa pili mwaka unaofuata. Mwezi wa nne ukifika na zile elfu tatu zimeshanunua simu, wewe ni mdeni wa huyo mteja hata kama hajui. Huduma ya miezi 11 anakudai.

Kwa hivyo tenga laini. Laini ya nyumbani, inayolipa kodi, inayotumiwa nauli na shangazi, isiwe ndiyo inayopokea pesa za wateja. Pesa za biashara ziingie kwenye nambari ya biashara. Kila zikiingia, sehemu ya domeni na ya dola ihamie kwenye akiba iliyofungwa, ile ambayo ukitaka kuitoa inakuuliza mara mbili. Najua inachosha. Lakini mtu mwenye pesa zote mahali pamoja anaona salio la 60,000 na kufikiri ametajirika, kumbe ana 10,000 zake na 50,000 za watu.

Je, si rahisi kulipwa kwa mwezi? Nimesikia hoja hiyo, na kwa wanaonunua unga wa kupima ina mantiki. Lakini hesabu upande wako: wateja 25 mara miezi 12 ni malipo 300 ya kufuatilia kwa mwaka, kila moja shilingi mia tatu na kitu. Utashinda ukituma vikumbusho. Mimi ningetoza kwa mwaka, na kwa aliyebanwa ningekubali malipo matatu yanayofuata mihula ya shule, kwa sababu mpangilio huo kila mzazi Kenya anaujua kichwani. Ila pesa ya domeni ilipwe yote mwanzoni, maana domeni huwezi kuinunua kwa kipande.

Kuhusu nambari ya kupokelea: Till ni nzuri dukani, ambapo mteja yuko mbele yako na unamwona. Kwa kuhosti, mteja yuko Kitale, wewe uko Thika, na aliyetuma pesa ni mke wake au mhasibu. Ujumbe unakuja na jina usilolijua. Paybill ina sehemu ya kuandika nambari ya akaunti, na hapo unamwambia aandike jina la domeni yake au nambari ya ankra. Basi hata pesa ikitumwa na jirani, unajua ni ya tovuti gani. Ukishakuwa na wateja wa kutosha unaweza kuunganisha mfumo wa ankra na malipo ya simu, mteja apate ombi la kuweka PIN kwenye simu yake na akaunti irefushwe papo hapo. Kabla ya hapo, daftari na dakika kumi kila jioni zinatosha.

Na usirefushe huduma ya mtu kwa sababu amekutumia picha ya ujumbe wa malipo. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia taarifa ya nambari yako mwenyewe. Haijaingia, haijalipwa, hata kama anayedai ni mzee wa kanisa.

Jambo ambalo ninalo msimamo mkali ni hili: domeni iandikishwe kwa jina la mteja na barua pepe yake. Si kwa jina lako. Kuna mafundi wanaosajili domeni za wateja kwa majina yao wenyewe ili mteja asihame. Wanaiita mbinu ya biashara. Mimi naiita kumshika mtu mateka. Fikiria duka la kuuza mbegu ambalo limechapisha anwani ya tovuti kwenye pakiti, kwenye pikapi na kwenye ukuta. Siku mkikosana, au siku ukipotea tu kwa sababu umepata kazi Qatar, yule mama hawezi kurefusha jina la duka lake mwenyewe. Domeni za .ke zinasimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Wewe kama muuzaji mdogo utanunua kupitia mmoja wao, na hakuna kinachokuzuia kujaza jina sahihi la mwenyewe. Ukiogopa kwamba atahama, mpe sababu ya kukaa.

Domeni ikiisha muda, saa huanza kukimbia. Kwa .com, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kuirefusha kwa bei ya kawaida, lakini si lazima akupe zote. Ikifutwa, kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu yeyote duniani anaweza kuichukua. Tovuti na barua pepe zinaweza kuzima mapema zaidi, hata siku ile ya kwanza. Kwa hivyo kikumbusho kimoja hakitoshi. Tuma mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na siku mbili kabla piga simu. Ndiyo, simu. Mwenye duka la vipuri hafungui barua pepe.

Kuhusu nakala za akiba, mfano mmoja unatosha. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na jengo moja likateketea. Baadhi ya wateja walipoteza data kabisa kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa papo hapo na zile za kawaida. Kama hilo linaweza kumpata mkubwa wa Ulaya, usiniambie mwenye nyumba wako wa dola 20 hawezi kupata ajali. Weka nakala kwa kampuni nyingine, nchi nyingine ikiwezekana, na mara moja kwa muda jaribu kuirudisha tovuti moja uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Mengine nitayapitia haraka. Usiuze "bila kikomo", kwa sababu wewe mwenyewe hukununua bila kikomo. Cheti cha usalama kinachofanya tovuti ifunguke kwa https kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt, na paneli nyingi hukiweka zenyewe. Kumtoza mtu elfu tatu kwa hicho ni aibu. Mteja mmoja akianza kutuma barua taka, anwani ya seva inaweza kuingia kwenye orodha nyeusi na barua za wateja wako wote zikaanza kukataliwa, kwa hivyo weka kiwango cha barua kwa saa tangu mwanzo. Jina la biashara sajili kupitia eCitizen, na KRA usiisahau. Ukihosti kliniki au shule, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019: majina ya wagonjwa na ya watoto yakiwa kwenye seva yako, hayo si mafaili tu.

Seva iwe Nairobi au Ulaya? Ikiwa wateja wa mteja wako wako hapa hapa, Nairobi ina faida: tovuti hufunguka haraka, na bei mara nyingi ni ya shilingi. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Afrika Mashariki ilipungua kasi kwa siku kadhaa, na kilichokuwa ng'ambo ndicho kilichoumia zaidi. Ulaya nayo mara nyingi inakupa nafasi kubwa kwa pesa ile ile. Kwa duka la Eldoret linalouzia watu wa Eldoret, mimi ningelipa zaidi kidogo nibaki Nairobi.

Anza na wateja watano unaoweza kuwapigia simu kwa jina. Kaa nao mwaka mzima, hadi wote warefushe mara moja, kabla hujachapisha bango. Huo mwaka wa pili ndio utakaokuonyesha kama pesa ulizotenga zilitosha. Na kikumbusho chako cha kwanza hakihitaji kuwa kirefu:

"Habari Mwalimu. Tovuti na barua pepe za shule zinaisha muda tarehe 14 mwezi ujao. Ada ya mwaka ni 4,000, bei haijabadilika. Lipa kwa Paybill yetu, kwenye akaunti andika jina la domeni. Ukilipa utapata risiti siku hiyo hiyo. Ukitaka kuhamia kwingine pia niambie mapema, nitakupa mafaili yako yote."