Kisima Kinachochimbwa Mfukoni mwa Mnyonge



Mwalimu mmoja mstaafu alitujia katika ofisi ya parokia, simu mkononi, akatuambia kwa furaha, "Baba Padre, nimenunua mafuta." Tukamwuliza ameyahifadhi wapi. Alicheka, akaeleza kwamba ametoa sehemu ya kiinua mgongo chake, akaongeza na fedha za kikundi cha akiba ambacho yeye ndiye mweka hazina wake, akanunua hisa za kampuni ya ng'ambo inayotafuta mafuta katika nchi ambayo hajapata kuikanyaga. Kina cha kisima hakukijua, wala hakujua ni lini mtambo wa kuchoronga ungefika. Bei ya hisa aliijua kila saa. Miezi michache baadaye alirudi kwetu, na safari hiyo hakucheka.

Kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya wanakikundi ambao hawakuulizwa, twaandika kurasa hizi. Wapo watakaosema kwamba Tume ya Haki na Amani imetoka nje ya shamba lake: kwamba mambo ya soko la hisa yaachiwe wenye ujuzi, na padre abaki na sakramenti zake. Twawajibu kwamba karo ya watoto ikipotea, wenye ujuzi hao hawaonekani mlangoni kwa mjane. Wanaoonekana pale ni katekista na sisi.

Yafaa kwanza kueleza ni kitu gani hasa alichonunua mwalimu. Kampuni yenye kiwanda cha sukari inayo sukari. Mwenye hisa aweza kuuliza ni magunia mangapi yameuzwa, na gawio lake ni kiasi gani. Kampuni changa ya kutafuta mafuta haina pipa hata moja la kuuza. Inacho kibali cha serikali, ramani za miamba, na mkutano na waandishi wa habari. Haina pato, hivyo huishi kwa kuuza hisa zake yenyewe: ikiishiwa fedha hutoa hisa mpya, mara nyingi kwa wakubwa na kwa bei nafuu kuliko ya sokoni, na fungu la mnunuzi wa jana hupungua bila yeye kuguswa. Ili hisa hizo mpya zinunuliwe, ni lazima tumaini lidumishwe. Ndiyo sababu kila wiki huja tangazo: mtambo umewasili, mtambo umeanza, dalili zimeonekana. Kila tangazo laweza kuwa la kweli neno kwa neno, na bado shabaha yake ikawa mfuko wako.

Mfano wa wazi ulitokea Desemba 2010 katika bahari ya Visiwa vya Falkland. Kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Desire Petroleum ilitangaza siku ya Ijumaa kwamba kisima chake kimegusa mafuta. Watu walikimbilia kununua. Jumatatu iliyofuata kampuni ikatangaza kwamba, baada ya kupima tena, umajimaji uliopatikana ulikuwa kwa sehemu kubwa maji. Aliyenunua Ijumaa alasiri kwa fedha ya nyumba yake alikuwa amenunua maji ya chumvi. Hatusemi kwamba mtu alidanganya. Twasema tu kwamba biashara ambayo Jumamosi na Jumapili zatosha kugeuza mafuta kuwa maji si mahali pa kuwekea akiba ya mtu mwenye akiba moja.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia-1. Kengele za furaha zililia, na si Kenya tu. Mchimbaji alikuwa Tullow Oil, na mshirika wake alikuwa Africa Oil ya Kanada, ambayo hisa zake zilinunuliwa na watu wengi wa kawaida huko Kanada na Uswidi. Katika mwaka ule mmoja bei ya hisa za Africa Oil ilipanda zaidi ya mara tatu. Kufikia mwanzo wa mwaka 2016 ilikuwa imeteremka karibu na pale ilipoanzia. Mafuta ya Turkana hayakuwa yametoweka. Yalikuwa palepale chini ya mchanga wa Lokichar. Kilichopanda na kushuka kilikuwa ni hamu ya watu.

Waafrika nao hawakukosa kuingia. Julai 2011 Tullow iliandikisha hisa zake katika Soko la Hisa la Ghana, ikawauzia wananchi hisa moja kwa sedi 31, yaani paundi 12 na ushee kwa thamani ya siku zile. Hapa hatuna budi kutenda haki: Tullow haikuwa kampuni ya karatasi. Iligundua mafuta ya Jubilee katika bahari ya Ghana mwaka 2007, na mafuta yale yalianza kutoka mwaka 2010. Mghana aliyenunua alikuwa na sababu ya kujivunia; aliambiwa kwamba hatimaye atamiliki kipande cha mali ya nchi yake. Ni nani angemlaumu?

Lakini kampuni ya utafutaji, hata iliyo nzuri, hulishwa na kisima kijacho. Mwaka 2017 Tullow, ikiwa imeelemewa na madeni, iliwaendea wenye hisa wake na kuwaomba dola milioni 750 zaidi. Agosti na Septemba 2019 ilitangaza ugunduzi wa mafuta mara mbili katika bahari ya Guyana, huko Amerika ya Kusini, na bei ikapanda. Novemba mwaka huohuo ikaeleza kwamba mafuta yale ni mazito na yamejaa salfa. Tarehe 9 Desemba 2019 ikatangaza mambo matatu kwa pamoja: uzalishaji utapungua, mkurugenzi mkuu na mkuu wa utafutaji wanaondoka, na gawio limesimamishwa. Kabla ya jua kuchwa mjini London zaidi ya theluthi mbili ya thamani ya kampuni ilikuwa imeyeyuka, na hisa ile ya paundi 12 ilikuwa ikiuzwa kwa senti 40 hivi za Kiingereza.

Mameneja wa mifuko mikubwa walipoteza fedha za watu wengine. Mwalimu wa shule mjini Kumasi, kama alikuwamo, alipoteza zake.

Tunawasikia wale wasemao, "Mnunuzi alikuwa mtu mzima, aliingia kwa hiari, na avune alichopanda." Hoja hii huwa na nguvu machoni pa mtu asiyejiuliza nani alijua nini, na lini. Mwenye kisima hujua leo kile ambacho mwenye simu atakisoma kesho. Mfuko mkubwa huajiri wajiolojia wake. Mwalimu huajiri matumaini yake. Dalali hupata ujira wake ukinunua na hupata tena ukiuza, na kwake mvua na jua vyote ni heri. Hiari ya mtu aliyefungwa macho si hiari kamili, na kumwita "mwekezaji" hakumfungui kitambaa. Neno hilo limekuwa pazia. Tungeita jambo hili kamari, watu wengi wangerudisha mkono mfukoni.

Hata hivyo hatutaki kusema zaidi ya lile Kanisa lisemalo. Katekisimu, namba 2413, haiuiti mchezo wa kubahatisha kuwa dhambi kwa wenyewe. Yasema kwamba huwa haukubaliki pale unapomnyima mtu kilicho cha lazima kwa mahitaji yake na ya wengine. Na namba 2409 yaweka miongoni mwa maovu ulanguzi wa kuichezea bei kwa hila ili kufaidi kwa hasara ya jirani. Basi tajiri akitaka kuzika ziada yake katika mchanga wa jangwa, na azike. Lakini fedha ya kikundi ni fedha ya lazima. Imetoka katika ndoo za maziwa na mafungu ya sukuma. Kila shilingi yake ina jina la mtu. Mweka hazina anayeipeleka huko bila idhini amechukua kisicho chake, hata kama bei ingepanda mara kumi. Tulimwambia mwalimu hivyo uso kwa uso, ingawa twampenda, na ameanza kurudisha kidogo kidogo kila mwezi.

Kuna upande mwingine ambao mwenye hisa, kwa kuitazama simu yake, hauoni. Bei ilipokuwa ikipanda mwaka 2012, katika matangazo yote ya Turkana yalikuwamo mapipa na futi za kina. Mfugaji aliyechunga mbuzi kando ya uzio hakuwamo. Oktoba 2013 wananchi waliandamana kudai kazi, na uchimbaji ukasimama kwa muda. Katika masoko ya ng'ambo habari hiyo ilisomwa kama "hatari ya kiusalama," yaani kitu cha kushusha bei. Njaa ya mtu mmoja iligeuka kuwa hasara ya mwingine aliye mbali ambaye naye hakuwa tajiri. Hivi ndivyo wanyonge wawili wanavyogombanishwa bila kuonana: yule wa Lokichar akitaka maji na kazi, na yule wa Göteborg au Accra akiomba kimoyomoyo kwamba huyo wa Lokichar anyamaze.

Malori yalianza kubeba mafuta ghafi kutoka Turkana hadi Mombasa mwaka 2018. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa yapatayo 200,000, iliondoka bandarini kwa shangwe. Bomba la kwenda Lamu halikujengwa. Africa Oil ilijiondoa mwaka 2023. Mwaka 2025 Tullow iliuza shughuli zake zote za Kenya kwa Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120, baada ya miaka 13 ya kuchoronga na kutangaza. Mwalimu wetu aliisoma habari hiyo kwenye simu yake, akatuuliza kama kampuni hii mpya nayo inauza hisa.