Kuua dakika moja, kuuliza saa nzima

Vijana wawili watatu wameniuliza njiani: «Pasta, na weye unaangaliaka filme?» Ndiyo, ninaangalia. Wazazi wasikasirike mbele ya kusoma mpaka chini. Mwezi huu tuongee juu ya filme za zamani, zile za mauaji na upelelezi, juu ninaona zinatufaa sisi watu wa Masisi na Walikale kuliko tunavyofikiri.

Unajua sale za video za sentre zetu. Kibanda cha mbao na shitingi, grupu inalia nyuma, televizio moja, na vijana waliotoka shimoni wamebanana kwenye viti vya mbao. Wanatoa franka zao, wanawekewa Commando ya mwaka 1985. Schwarzenegger anapiga, watu wanaanguka kama ndizi. Sikatai, inachangamsha. Mtu aliyeshinda chini ya udongo na tochi kichwani anataka kucheka kidogo. Lakini angalia vizuri: katika filme ile adui anajulikana mapema. Hakuna lazima ya kuuliza kitu. Kazi ni kupiga tu.

Hata Rambo, ambaye vijana wengi wa vikundi wamejipa jina lake, hawakumwangalia vizuri. Ile ya kwanza, ya mwaka 1982, si filme ya vita. Ni habari ya askari aliyerudi kutoka Vietnam, anatembea kwa miguu, anafika katika mji mdogo wa Marekani. Mkubwa wa polisi anamwona nywele ndefu na nguo chafu, anamfukuza, kisha anamkamata. Hakuiba. Hakupiga mtu. Fujo yote inatoka hapo. Na mwisho wake je? Rambo analia kama mtoto mbele ya komanda wake wa zamani, kisha anajitoa mikononi mwao. Wanaojiita Rambo hawapendi kukumbuka sehemu ile.

Sasa kwa ninyi wachimbaji, kuna filme moja ningependa kila PDG wa shimo aione. Kwa Kifaransa inaitwa Le Trésor de la Sierra Madre, ya mwaka 1948, haina rangi. Aliyeitengeneza ni John Huston. Mchezaji mkubwa ni Humphrey Bogart. Hao wawili walifika hata kwetu Kongo mwaka 1951, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kutengeneza filme nyingine, The African Queen. Turudi kwenye zahabu. Watu watatu maskini wanapanda mlima kule Mexico, wanachimba, wanapata. Mzee wao amekwisha kuwaonya kwamba zahabu inabadilisha watu. Kila mmoja anaficha fungu lake. Usiku mmoja akitoka kwenda porini, wengine wanafungua macho: amekwenda wapi? Wewe uliyekaa Bisie zamani, ao Omate, unazijua usiku za namna hiyo. Bogart anaanza kusema peke yake. Anajisadikisha kwamba mwenzake anataka kumwua. Alama hana, shahidi hana, ana wazo tu lililomkaa kichwani. Anampiga risasi. Kisha wevi wanamkuta yeye mwenyewe njiani, wanamwua, wanapasua mifuko, wanafikiri ni mchanga. Upepo unapeleka zahabu yote.

Columbo ni kitu kingine. Ni vipande vya televizio vilivyoanza mwaka 1968, na Peter Falk aliyemcheza alikufa mwaka 2011. Ni polisi mwenye koti ya mvua iliyokunjamana na gari Peugeot 403 iliyochakaa. Karibu kila mara hana bunduki. Jambo la ajabu ni kwamba muuaji tunamwona mwanzoni, kwa hiyo hatukai kujiuliza ni nani. Tunakaa kuona namna gani atajulikana. Na muuaji ni nani? Ni daktari, ni avoka, ni mwenye kampuni, mtu wa nyumba kubwa anayeheshimiwa na wote. Columbo anamwuliza kidogo, anaaga, anafika mlangoni, anageuka: kumbe bado kuna kitu kimoja kinamsumbua. Wanamwona mjinga. Ninapenda sana hapo.

Kwetu je? Mfuko wa koltani ukipotea, macho yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa kijana mpagazi, kwa mkimbizi aliyefika juzi, ao kwa mama mjane anayekaa peke yake ikiwa ni habari ya mtoto aliyekufa ghafula. Nyumba ya mabati mapya haiulizwi.

Nitawaambia jambo lililotokea katika sentre moja ya Masisi ambayo sitaitaja. Kijana alishikwa, wakasema ameiba mfuko wa mtu. Nilipofika tairi ilikuwa imekwisha kuletwa, na petroli inatafutwa. «Mwivi! Mumuchome!» Mama mmoja wa malewa akasukuma watu na mikono yake yenye unga wa fufu, akauliza kwa sauti kubwa: «Mufuko ulipotea saa ngapi?» Watu wakanyamaza. Wa kwanza akasema saa saba, wa pili akasema saa tisa. Mwenye mfuko mwenyewe hakujua. Mama akasema: «Toka saa saba mpaka saa tisa huyu alikuwa kwangu, anakula, na deni yangu hajalipa.» Swali moja tu. Kijana alipelekwa kwa polisi akiwa na damu usoni, lakini akiwa mzima. Mfuko haukuonekana mpaka leo.

Mama yule hajaona filme ya Douze hommes en colère, lakini alifanya kazi ileile. Ni ya mwaka 1957, ya Sidney Lumet, na karibu yote iko ndani ya chumba kimoja. Watu 12 wanapaswa kuamua kama kijana wa miaka 18 alimwua baba yake kwa kisu. Wakisema ndiyo, atauawa. Ni joto, na mmoja anataka kukimbilia mpira. Wanapiga kura: 11 wanasema ana kosa. Mmoja tu, Henry Fonda, anakataa. Hasemi kijana ni mwema. Anasema tuongee kwanza. Wanasema kisu kile hakina mwenzake. Yeye anatoa mfukoni kingine sawasawa, alikinunua karibu na kwao kijana. Shahidi mmoja, mzee mwenye mguu mbaya, alisema alifika mlangoni kwa sekunde 15. Wanapima kwa saa, inapita mara mbili.

Ni dakika 96 za watu kusema tu. Tulipotaka kuionyesha kwa vijana wetu, walinung'unika: «Na bunduki iko wapi?» Tulimweka kijana anayejua Kifaransa karibu na televizio atafsiri, kama wanavyofanya kwenye sale. Pale kwenye kisu tukasimamisha filme, tukapiga kura kwa kuinua mikono. Wengi walisema auawe. Ukijaribu kwenu, simamisha pale pale.

Ilipokwisha, mmoja wao alisimama kwa hasira: «Sasa, yule mutoto aliua ao hakuua?» Filme haisemi. Walibishana mpaka mafuta ya grupu yakaisha, na gizani nilisikia msichana mmoja bado anauliza juu ya mguu wa yule mzee.